Ukoka juu ya kifusi: maji yanatuama masika, majani yanaungua kiangazi

Swali: Shikamoo bwana shamba. Tulihamia kwetu Goba, Dar es Salaam, mwaka juzi. Mbele ya nyumba tuna uwanja wa mita 12 kwa 8 ambao mafundi waliujaza kifusi cha ujenzi: matofali yaliyovunjika, vipande vya zege, mabaki ya plasta na kokoto. Nilinunua tipa mbili za tani 7 za udongo mwekundu, tukausambaza juu, nikapanda ukoka. Ulishika vizuri kama miezi mitatu. Masika maji yakatuama. Kiangazi ukakauka madoamadoa ingawa namwagilia kila jioni, na upande wa getini umekuwa wa njano mtupu. Pembeni pana mwembe, chini yake hakuoti kitu. Jirani mmoja ananishauri niongeze tipa nyingine ya udongo, mwingine anasema nimwage majivu. Nifanye nini? Na je, ni lazima nizoe kifusi chote? (Msomaji, Goba)

Jibu: Marahaba, dada yangu. Majivu usimwage hata kiganja kimoja, na hiyo tipa ya tatu isubiri. Kifusi chote huna haja ya kukizoa. Lakini kuna kazi ya sululu ambayo haikufanyika mwanzoni, na bila hiyo utanunua udongo kila mwaka na hali itabaki vilevile.

Tuanze na lile linaloshangaza katika maelezo yako. Mahali palepale maji yanatuama masika, halafu panaungua kiangazi. Wengi wakiona hivyo hudhani wana matatizo mawili, wakachimba mtaro kwa ajili ya la kwanza na kununua mpira mrefu wa maji kwa ajili ya la pili. Tatizo ni moja. Tipa ya tani 7 hubeba kama mita za ujazo 5 za udongo, kwa hiyo wewe ulipata mita za ujazo 10. Uwanja wako ni mita za mraba 96. Ukigawa, unaona ulikuwa na unene wa sentimita 10 siku ile udongo uliposambazwa. Udongo uliomwagwa hulala wenyewe. Mvua ikishapiga na watoto wakishakimbia juu yake, ukibakiwa na sentimita 8 una bahati. Ukoka wako unaishi ndani ya sahani yenye kina cha kidole cha shahada, na chini ya sahani hiyo ni kifusi ambacho hakikuguswa.

Sasa fanya jaribio dogo jikoni. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe kidogo, uiweke juu ya kokoto kavu. Maji hayashuki. Ongeza maji kidogo kidogo, bado hayashuki. Mpaka sifongo ishibe kabisa ndipo tone la kwanza litadondoka kwenye kokoto. Udongo laini uliolala juu ya mawe hufanya vivyo hivyo, kwa sababu vitundu vyake vidogo hushikilia maji kwa nguvu kuliko mapengo makubwa yaliyo chini. Kwa hiyo masika tabaka lako la juu hushiba likawa tope huku kifusi chini yake bado hakijapata maji. Pale ambapo lori la kokoto lilipita mara nyingi hali ni mbaya zaidi, maana kifusi kimeshindiliwa kikawa kama sakafu, na hata udongo uliokwisha kushiba hauna pa kumwagia. Kiangazi mambo yanageuka: sentimita 8 hukauka kwa siku mbili za jua la Dar, na mizizi haiwezi kushuka kutafuta unyevu. Ukoka ukiwa kwenye udongo mzuri hushusha mizizi zaidi ya mita moja. Wa kwako umezuiwa mlangoni.

Ndiyo maana tipa ya tatu haitakuponya. Itainua sahani, haitaifungua. Na usisahau nyumba: uwanja usiinuke mpaka ukaukaribia usawa wa sakafu, maana unyevu utaanza kupanda ukutani. Acha angalau sentimita 15 kati ya udongo na sakafu, na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mbali na ukuta.

Upande wa getini ni habari nyingine kidogo. Mimi nadhani pale ndipo mafundi walipochanganyia zege, kwa kuwa mchanga na kokoto hushushwa karibu na geti na kazi hufanyika hapohapo. Zege bichi lina pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni chachu, juu ya 7 ni kinyume chake) ya 12 hivi. Ukoka hupenda 6 hadi 7 na huvumilia mpaka karibu na 8. Saruji ikichanganyika na udongo, madini ya chuma yanaweza kuwamo tele, mmea usiweze kuyanywa. Udongo mwekundu wenyewe rangi yake ni chuma, lakini majani yanakuwa ya njano juu yake. Angalia jani kwa karibu. Kama majani machanga ndiyo ya njano, na mishipa yake imebaki ya kijani kama mistari ya daftari, hiyo ni njaa ya chuma. Kama majani ya zamani ya chini ndiyo yaliyoanza kuwa ya njano, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na dawa yake ni rahisi zaidi. Kisha chukua kijiko cha udongo mkavu kutoka pale, weka kwenye kisahani, mimina siki. Ukichemka na kutoa povu, chokaa ya saruji imo. Fanya hivyo pia kwa udongo wa katikati ya uwanja upate kulinganisha. Wasomaji wa Kigamboni au Bagamoyo wakumbuke kwamba mchanga wa pwani wenye vipande vya matumbawe nao hutoa povu, bila saruji yoyote.

Umeshaona kwa nini nakataza majivu. Majivu yanafaa kwenye udongo mchachu. Kwako ni kama kumpa mgonjwa wa kisukari asali. Jasi nayo hutajwa mara nyingi kwa udongo wa saruji, lakini haishushi pH. Salfa ya unga huishusha, kwa kuwa bakteria wa udongoni huigeuza kuwa tindikali, na huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Lakini piga hesabu kabla ya kununua: kilo moja ya salfa hummaliza nguvu adui wa kilo tatu hivi za chokaa, basi. Bonge moja la plasta ulilolisahau ardhini linaweza kuwa na uzito huo. Kwa hiyo pale getini dawa ya kwanza ni koleo. Ondoa lile gamba la saruji lote na udongo wa kijivu ulioshikamana nalo, hata ukifika sentimita 25 chini, ujaze udongo mwingine. Salfa itumike baadaye kwa kubembeleza kilichobaki.

Kabla hujashika sululu, pima uwanja wote. Mwagilia vizuri jioni, asubuhi chukua kipande cha nondo ya milimita 10, ukichome kila baada ya mita moja kwa nguvu ya mikono tu. Penye kushuka sentimita 20 bila taabu, weka alama na upaache. Penye kugonga sentimita 8 kila unapochoma, pana sakafu au bamba la zege. Ukimaliza utakuwa na ramani, na mara nyingi ramani hiyo hufanana na madoa makavu kwa kiasi cha kushangaza. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Tabata ambako doa la duara liliwasumbua miaka minne. Walishalipiga dawa za fangasi na za mchwa. Nondo iligonga kila mahali ndani ya duara lile. Tulipochimba tulikuta bamba la zege, na chini yake mifuko ya saruji iliyogandia humohumo ndani ya karatasi. Mmea haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa na kiu, na niliumia kufikiria fedha iliyokwenda kwenye dawa.

Chimba pia shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakinyonywa lijaze tena, halafu pima kwa rula. Maji yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi kwa saa, uwanja utapumua ukishauvunja. Yasiposhuka kabisa, utahitaji njia ya kuyatoa maji, na hapo kifusi chako kinaweza kuwa msaada, kama nitakavyoeleza.

Kazi yenyewe nakushauri ifanyike sehemu kwa sehemu, nusu ya uwanja kwanza. Bandua ukoka ulio hai, uweke kwenye viroba vyenye unyevu kivulini. Hiyo ndiyo mbegu yako, usinunue nyingine, lakini ndani ya siku mbili tatu uishikize kwenye udongo wenye unyevu pembeni mpaka uwanja uwe tayari. Rundika udongo mwekundu pembeni. Kisha vijana wenye sululu na mtaimbo wavunje kifusi mpaka sentimita 25. Wavae buti na glovu, na kama hawajachanjwa pepopunda wachanjwe, kwa sababu misumari ya mbao za zege haikosekani. Kama kuna mabaki ya nyumba ya zamani, angalieni vipande vya paa la asbesto, vile vya kijivu vyenye mawimbi kama bati. Msivivunje wala kuvifagia vikavu. Vumbi lake huharibu mapafu. Viloweshwe, vifungwe kwenye nailoni nene, na muulize ofisi ya mazingira ya manispaa vipelekwe wapi.

Cha kutoa ni hiki: kila kinachozidi ngumi, kila bonge la plasta au saruji hata kama ni dogo, vioo, misumari, nailoni, na udongo wowote unaonuka dizeli au rangi. Cha kuacha ni kokoto ndogo na vipande vya tofali la kuchoma. Mizizi hupita kandokando yake bila shida, na tofali la kuchoma hata hutunza maji kidogo. Chekecha kwa wavu wa mafundi pale penye mchanganyiko mwingi, lakini usijichoshe kuuchekecha uwanja mzima. Kile unachotoa usilipie lori likiondoe chote. Mabonge yanafaa kuwa msingi wa njia ya kutoka getini hadi barazani, na yanafaa kujaza shimo la kunyonya maji ya mvua: mita moja kwa moja, kina mita moja na nusu, kwenye kona ya chini ya uwanja na mbali na msingi wa nyumba.

Baada ya kuvunja ndipo samadi iingie. Tandaza sentimita 5 za samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, isiyonuka tena na isiyo na joto ukiingiza mkono. Kwa uwanja wako ni karibu mita za ujazo 5, yaani toroli 80 hivi za lita 60. Najua ni nyingi. Lakini hapa ndipo fedha ya tipa ya tatu inapotakiwa kwenda. Samadi ya kuku ni kali. Kama ndiyo unayoipata, tumia theluthi ya kiasi hicho na iwe imeoza miezi kadhaa. Rudisha nusu ya udongo mwekundu juu ya samadi, ulime kwa jembe mpaka kifusi kilichovunjwa, samadi na udongo viwe kitu kimoja. Halafu rudisha nusu iliyobaki na uilime kidogo na ile ya chini. Shabaha yako ni moja: ukichimba kwa koleo usiweze kuona mstari mahali udongo ulionunua unapoishia na kifusi kinapoanzia. Mstari ule ndio uliokuwa unashika maji na kuzuia mizizi.

Ukikuta udongo umepungua kwa sababu ya ulivyotoa, nunua kidogo, ila uujaribu kabla lori halijamwaga. Jaza theluthi ya chupa ya wazi udongo huo, ongeza maji na chembe ya sabuni, tikisa sana, uiache. Mchanga hulala dakika ya kwanza, vumbi laini kwa saa mbili hivi, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Mfinyanzi ukizidi theluthi ya udongo wote, acha. Udongo mwekundu unaouzwa mjini mara nyingi umechimbwa chini sana, mahali ambapo hapajawahi kuota kitu, na rangi yake nzuri huwadanganya watu. Ule wa kahawia unaobomoka mkononi, tifutifu, ndio wenye uhai. Na uchimbe ndani ya rundo utafute vile vijitunguu vyeusi vya ndago. Ukiviona, mrudishe dereva na mzigo wake. Ndago ikishaingia kwenye ukoka utaing'oa wewe na wajukuu zako.

Hata udongo ukionekana safi, usipande siku hiyohiyo. Usawazishe, umwagilie wiki mbili au tatu, uache magugu yaote, kisha uyang'oe na mizizi yake. Muda huo pia udongo hulala na utaona mabonde ya kujaza. Haraka katika hatua hii hugharimu sana baadaye.

Majira: kwa mtu mwenye maji ya uhakika, mimi hupenda kupanda mwanzo wa vuli, Oktoba au Novemba. Masika ni nzuri kwa asiye na bomba, lakini Goba ina vilima, na mvua ya Aprili inaweza kuubeba udongo uliolimwa juzi mpaka kwa jirani. Ukipanda masika, panda mapema Machi na mistari ikate mteremko. Vipande viwe na pingili tatu au nne. Fukia mbili, ncha ibaki nje, umbali wa sentimita 15 kila upande. Kanyaga kwa ubao ili udongo ushike pingili. Kwa mvua na jua la Dar, miezi miwili hadi mitatu uwanja utafunga.

Kuhusu aina, kwenye jua na mahali watoto wanapocheza baki na ukoka. Mmea huu utauona kando ya barabara ukitokea kwenye ufa wa lami, kwa hiyo usiudhanie kuwa dhaifu; ulikosa njia tu. Chini ya mwembe usiupande tena, hauna uvumilivu wa kivuli. Jaribu majani ya Pemba, yale ya upana wa kidole, yanayostahimili kivuli na chumvi. Na karibu kabisa na shina usilime, utakata mizizi ya mwembe bure, tandaza majani makavu tu. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, Pemba yanaweza kukufaa hata uwanja mzima. Majani ya Kikuyu ambayo huenda umeyaona Arusha au Lushoto waachie watu wa baridi.

Sasa kumwagilia, na hapa lazima ubadili desturi. Wiki mbili za kwanza mwagilia kidogo asubuhi na jioni ili pingili zisikauke. Baada ya hapo acha kabisa mtindo wa kila jioni. Maji kidogo ya kila siku hulowesha sentimita mbili za juu, na mizizi hubaki hapohapo ikiyasubiri. Mwagilia mara mbili kwa wiki, kwa kina. Weka makopo matupu manne ya maziwa sehemu mbalimbali. Yakifika milimita 12 au 13 ndani, funga bomba. Kwa wiki ni milimita 25, ambazo kwako ni kama lita 2,400. Fanya alfajiri, siyo usiku, majani yasilale na maji yakapata fangasi. Maji yakianza kutiririka kabla kopo halijafika, pumzisha nusu saa uendelee.

Mbolea ya dukani subiri mwezi mmoja baada ya kupanda. Chagua SA (salfeti ya amonia), ambayo ina naitrojeni asilimia 21 na huongeza uchachu kidogo kidogo, jambo ambalo kwingine ni hasara na kwako ni faida. Gramu 25 kwa mita ya mraba, yaani kilo 2 na nusu hivi kwa uwanja mzima, majani yakiwa makavu, kisha umwagilie palepale. Rudia kila wiki sita hadi nane wakati wa mvua, kiangazi usiweke. Pale getini, kama njano ya mishipa ya kijani ikijitokeza tena, nyunyiza salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita, ila isiguse njia ya zege kwa sababu huacha madoa ya kutu yasiyotoka. Ukitaka kujua pH kwa uhakika kabla ya kununua salfa, maabara ya udongo ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro au ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, ndiko kwa kuulizia.

Kukata: usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Ukoka ubaki sentimita 3 hadi 4, Pemba 6. Fyekeo butu huchana majani na kuyaacha na ncha nyeupe, kwa hiyo linolewe.

Kila mwaka kabla ya masika, choma mashimo ya sentimita 10 kwa uma wa bustani au nondo, kisha fagilia juu mchanganyiko mwembamba wa mchanga wa mto na mboji, usizidi sentimita moja, majani yaendelee kuonekana. Vijiwe vichache vitaendelea kuibuka kila mvua, okota tu.

Miezi sita baada ya kupanda, nenda katikati ya uwanja na kisu kirefu, ukate kipande cha pembetatu kama cha keki, kina cha sentimita 20, ukiinue. Tazama mizizi myeupe imeishia wapi. Kama imevuka sentimita 12 na inaingia kati ya vipande vya tofali, nusu ya pili ya uwanja ifanyie vilevile. Kama imekatika ghafla kwenye mstari, sululu haikufika. Rudia sehemu hiyo kabla ya kiangazi. Kirudishe kipande mahali pake, kikanyage, kimwagilie. Na uniandikie imefika sentimita ngapi.